Taka za Kariakoo Huenda Wapi?

Je, umewahi kupita Mtaa wa Kongo jioni, wakati wamachinga wanafunga meza zao? Chini kumejaa maboksi, maganda ya machungwa, vijiti vya mishikaki, majani ya kabichi, nailoni zilizofungia nguo mpya, chupa za maji. Ukirudi kesho yake asubuhi mambo safi, barabara imefagiwa. Sasa jiulize: ule mzigo wote wa jana umekwenda wapi?

Swali hili tunapenda kuwauliza wanafunzi tunapotembelea shule za Ilala. Jibu la kwanza, tena kwa sauti moja, ni "umetupwa!" Haya, umetupwa. Umetupwa wapi? Darasa linanyamaza kidogo, halafu yupo mmoja wa nyuma atasema, "Mbali!" na wenzake wanacheka. Lakini huyo wa nyuma ndiye aliyetufikisha kwenye somo lenyewe. Hiyo "mbali" ni wapi, na nani anaishi huko?

Watu wengi wakisikia sayansi ya mazingira wanadhani ni kuhesabu tembo Serengeti, au kupanda miti siku mgeni rasmi akija. Hayo nayo yamo. Ila sehemu kubwa ya kazi hii ni ya kipelelezi. Unakifuata kitu kilichotoka mkononi mwa binadamu mpaka ujue kimefika wapi, kimegeuka kuwa nini, na kimemgusa nani. Na ukikifuata kwa uvumilivu, mara nyingi unakuta kimekata kona na kurudi kwa aliyekitupa: kwa maji, kwa moshi, au kwenye sahani ya ugali. Katika makala hii tutafuata taka za Kariakoo tuone.

DAMPO LINALOHAMAHAMA

Kwa miaka mingi "mbali" ya katikati ya jiji ilikuwa Tabata. Malori ya Halmashauri ya Jiji yalikuwa yakimwaga taka huko, zinachomwa moto, moshi unaingia majumbani, nzi nao hawakubaki nyuma. Wakazi wa Tabata walipochoka, mwaka 1988 waliipeleka Halmashauri Mahakama Kuu. Mahakama ikaamuru dampo lifungwe na litafutwe eneo lisilodhuru watu. Halmashauri ikaomba muda. Ikaongezewa. Ikaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa kuongeza muda mwingine, akasema kuwaachia watu moshi na uchafu wa namna ile ni kuhatarisha uhai wao, na haki ya kuishi imo katika Katiba yetu, ibara ya 14.

Kesi hii inapaswa kujulikana na kila kijana wa Dar. Wale hawakuwa wanasayansi wala matajiri. Walikuwa watu wa mtaani waliosema: huu moshi unatuumiza, na tunajua unatoka wapi.

Lakini sikiliza kilichofuata. Taka zilihamishiwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko, zaidi ya 700, nao wakaenda mahakamani mwaka huohuo wa 1991 na wakashinda. Likaja dampo la Vingunguti, kando kabisa ya Mto Msimbazi, likatumika miaka ya 1990. Kisha Mtoni. Kisha Pugu Kinyamwezi, ambako malori yanakwenda mpaka sasa. Unaona mchezo? Kila "mbali" ilikuwa mlangoni kwa mtu. Na jiji linazidi kupanuka kulifuata dampo: sensa ya 1988 ilikuta watu 1,360,850 mkoa wa Dar es Salaam, ile ya 2022 ikakuta 5,383,728. Karibu mara nne, ndani ya umri wa mtu ambaye bado hajastaafu.

Taka nyingi za jiji letu ni za kuoza: maganda, majani, mikungu ya ndizi, mabaki ya wali na maharage. Zikiachwa wazi na hewa inapita, zinaoza na kuwa mbolea. Zikilundikwa mlima mzima na kushindiliwa, hewa haifiki chini, na hapo vijidudu vya aina nyingine vinafanya kazi na kutoa gesi ya metheni. Gesi hii inawaka, ndiyo sababu dampo linaweza kufuka moshi wiki nzima bila mtu kuwasha kiberiti. Pia inashika joto la jua angani zaidi ya mara 25 kuliko hewa ya ukaa, ukipima kwa kipindi cha miaka 100. Kwa hiyo hata mkungu wa ndizi wa Kariakoo una mkono wake, mdogo lakini upo, katika hili joto la dunia tunalolisikia redioni.

MVUA HAINA PA KUZAMA

Si taka zote zinafika dampo, na hilo unalijua kwa macho yako. Nyingine zinaingia mtaroni. Kabla ya kuzifuata huko, tuangalie kwanza ardhi ya Kariakoo yenyewe.

Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita palikuwa mtaa wa nyumba za Kiswahili: vyumba viwili viwili vinatazamana, ukumbi katikati, nyuma ua wenye choo, jiko na pengine mnazi. Ua ule ulikuwa mchanga mtupu. Mvua ikinyesha, maji yalikuwa yanazama palepale. Leo pita Mtaa wa Sikukuu au Nyamwezi uinue macho: ghorofa nane, ghorofa kumi, na chini hakuna hata kiganja cha udongo kilichobaki wazi.

Tufanye hesabu ndogo, usiogope. Chukua kiwanja cha mita 15 kwa 20, yaani mita za mraba 300. Mvua ya milimita 50, ambayo masika kwetu si ajabu, ikianguka juu yake inaleta lita 15,000 za maji. Hizo ni ndoo kubwa 750. Kutoka kiwanja kimoja! Zamani sehemu kubwa ya ndoo hizo ilinywewa na mchanga. Siku hizi zote zinateremka kwenye mtaro kwa pamoja, ndani ya saa moja au mbili, zikiongozana na za jirani, na za jirani wa jirani.

Wanasayansi wakisema "athari za binadamu kwa mazingira" wanamaanisha mambo kama haya pia. Siyo kiwanda kinachotoa moshi peke yake. Saruji uani nayo ni athari. Mvua inaweza kuwa ileile aliyoijua babu, na mafuriko yakawa mapya.

MTARO UKIZIBA

Enzi za mifuko ya Rambo mtaro wa Kariakoo ulikuwa haupitishi hata chura. Ukinunua nyanya za shilingi mia unapewa mfuko, ukinunua karanga unapewa mfuko, na safari ya mfuko ilikuwa dakika kumi: sokoni mpaka nyumbani, halafu chini. Zanzibar ndio walioanza kuupiga marufuku, na Bara tukafuata tarehe 1 Juni 2019. Sheria ikasema ukikamatwa unautumia faini ni kuanzia shilingi 30,000 mpaka 200,000, au siku saba ndani. Wengi walidhani ni mkwara tu. Kumbe! Ndani ya wiki chache vikapu na mifuko mbadala vilikuwa vimejaa mitaani. Kwa maoni yangu hilo ni moja ya mambo machache ya mazingira ambayo nchi hii iliyasema na yakaonekana. Hata hivyo chupa za maji na vile vifungashio vyepesi bado vinaelea mtaroni, kwa hiyo tusijisifu mapema.

Mtaro ukiziba, mambo mawili yanaweza kukupata.

La kwanza ni mbu. Siyo yule wa usiku peke yake. Mbu wa homa ya dengue ana madoa meupe miguuni, anauma mchana kweupe, na anapenda maji yaliyotulia karibu na watu: tairi bovu, kopo, kifuniko cha chupa, pipa lisilofunikwa. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014, na mwaka 2019 ukaja mkubwa zaidi, wagonjwa zaidi ya 6,000 nchini, wengi wao wa jiji hili. Chandarua cha usiku hakikusaidii sana kwa mbu wa saa nne asubuhi dukani.

La pili ni kinyesi, na hapa tuongee bila aibu, ndiyo kazi yetu. Katikati ya jiji kuna mabomba ya zamani yanayopeleka maji taka baharini upande wa Ocean Road, lakini nyumba nyingi za Dar hazijaunganishwa na bomba lolote la maji taka. Zina choo cha shimo au chemba. Shimo likijaa, inabidi uite gari la kunyonya, nalo linataka pesa. Sasa kuna watu husubiri mvua kubwa, usiku, wakafungulia shimo liende na maji. Kila mtu mtaani anajua jina la mchezo huo: kutapisha choo. Asubuhi shimo lake ni jeupe. Maji yale yamepita mlangoni kwa mwenye genge, yamepita kwenye bomba la maji lililotoboka, yamepita pale watoto wanaporukaruka wakienda shule.

Kipindupindu hakihitaji mlango mkubwa zaidi ya huo. Mwaka 1997, mwaka ulioishia na mvua za El Niño, Tanzania ilipata wagonjwa wapatao 40,000 na zaidi ya 2,000 walikufa. Agosti 2015 kilianza tena hapahapa Dar es Salaam, wilaya ya Kinondoni, kikasambaa mikoani mpaka wagonjwa wakapita 20,000. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Rais Magufuli, ambaye alikuwa na mwezi mmoja tu Ikulu, alifuta gwaride la Uhuru la tarehe 9 Desemba 2015 akaifanya siku ya usafi, na yeye mwenyewe akaokota taka eneo la Feri. Picha ile ilizunguka dunia. Mimi ninaikumbuka kwa sababu nyingine: ni mara chache nchi nzima kukubali kwa siku moja kwamba ugonjwa ulikuwa mtaroni na si kwa mchawi.

(Ukimwona mtu anaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, usisubiri. Mpe ORS, au lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mkiwa njiani kwenda kituo cha afya.)

MTO UNAOBEBA YOTE

Mitaro mingi ya upande wa magharibi wa Kariakoo inaelekea Jangwani, na Jangwani ni bonde la Mto Msimbazi. Mto huu unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unateremka kama kilomita 35, unapita Gongo la Mboto, Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, unaingia baharini pale Daraja la Salender. Ndiyo, Pugu ileile tuliyoitaja kwenye habari za dampo. Juu kule mto unapoanza na chini unapoishia, kote tumeweka mkono.

Mtafiti akitaka kujua binadamu ameufanyia nini mto kama huu, hafanyi uchawi. Anachota maji juu, kabla haujakutana na watu wengi. Anachota tena baada ya viwanda. Tena baada ya mabwawa ya maji taka na machinjio ya Vingunguti. Tena Jangwani. Kisha anapima vitu vilevile kwenye chupa zote: oksijeni, vijidudu vya kinyesi, chumvichumvi, metali. Tofauti kati ya chupa ya juu na ya chini, hiyo ndiyo alama yetu. Ni sawa na kupima uzito wa mkokoteni ukitoka sokoni na ukifika Buguruni. Ukizidi njiani, kuna mtu amepakia.

Oksijeni inataka maelezo kidogo. Samaki anavuta hewa iliyoyeyuka majini. Vijidudu vinavyoozesha damu ya machinjio, kinyesi na majani navyo vinaitaka hewa hiyohiyo. Uchafu ukiwa kidogo, wanagawana. Uchafu ukiwa mwingi vijidudu vinaongezeka mno, vinaimaliza hewa, samaki wanakufa, na vinavyobaki ni vile visivyohitaji oksijeni, vinavyotoa ile harufu ya yai viza. Kwa hiyo ukipita na daladala Jangwani ukaziba pua, pua yako imeshafanya kipimo cha maabara.

Desemba 2011 mto huu ulirudisha mzigo. Mvua ilinyesha siku tatu, bonde likajaa, zaidi ya watu 40 walikufa Dar es Salaam, na Serikali ikazihamishia familia nyingi Mabwepande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini mtu aliyepanga chumba Jangwani kwa sababu anaweza kutembea kwa miguu mpaka Kariakoo hakuwa na futi kamba mkononi, alikuwa na kodi ya kulipa. Hata mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016, yaliwekewa karakana palepale bondeni, na maji yameyafuata zaidi ya mara moja. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi: daraja refu zaidi Jangwani, fidia kwa wakazi wanaohamishwa, bustani ya jiji. Vizuri. Ila daraja linavusha magari, haliufanyi mto uwe msafi. Kama mitaro ya huku juu itaendelea kuleta ilichozoea kuleta, bustani ya jiji itakuwa na harufu yake.

MCHICHA UNAOTAZAMANA NAWE

Sasa tunafika mezani. Kando ya Msimbazi na Mto Sinza kuna mabustani ya mboga: mchicha, matembele, chainizi, majani ya maboga, kunde. Ardhi ya bonde ni nzuri, maji yapo mwaka mzima hata kiangazi, na mchicha unavunwa baada ya wiki tatu au nne tu. Kina mama na vijana wengi wanasomesha watoto kwa bustani hizi. Alfajiri mboga zinafika Ilala, Buguruni, Kariakoo, na mchana ziko kwenye sufuria ya mama ntilie.

Mwaka 1999 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bahemuka na Mubofu, walitoa utafiti wao katika jarida la kimataifa la kemia ya chakula. Walichukua mboga za majani zilizolimwa kando ya mito hiyo miwili, wakazipima shaba, zinki, kadmiamu na risasi. Walizikuta metali hizo, na wakaonya kwamba viwango vya baadhi vinaweza kuhatarisha afya ya walaji.

Risasi, hapana siyo ya bunduki, ni metali ile nzito iliyomo kwenye betri za magari na baadhi ya rangi za zamani. Siku hizo ilikuwemo pia kwenye petroli, inatoka na moshi wa magari na kutua juu ya majani na udongo. Mwili wa binadamu hauna kazi nayo hata kidogo. Kwa mtoto mdogo inaharibu ubongo unaokua: anakuwa mzito wa kushika masomo, na anaweza kupungukiwa damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kadmiamu yenyewe inakaa kwenye figo kwa miaka mingi. Ugumu wa metali hizi ni kwamba hazikuumizi leo. Ukila chakula chenye vijidudu, usiku tu tumbo limeshakuambia. Risasi hainyanyui sauti.

Hapa kuna jambo ambalo watu wanalichanganya, kwa hiyo nilieleze taratibu. Ukiosha mchicha vizuri kwa maji safi yanayotiririka, unaondoa vumbi, udongo na sehemu ya metali iliyotua juu. Ukiupika vizuri unaua vijidudu. Lakini metali iliyonyonywa na mizizi ikaingia ndani ya jani haitoki kwa kuosha, wala haifi kwa moto, maana haikuwa hai. Ndimu na chumvi havifui dafu hapo.

Je, tuache kula mchicha? Jamani, hapana. Mchicha una madini ya chuma na vitamini ambavyo msichana anayepata hedhi anavihitaji sana, na ukiuacha ukahamia chipsi kavu umejiroga mwenyewe. Osha, pika, badilisha: leo mchicha, kesho kisamvu, keshokutwa mlenda. Ukiwa na muuzaji wako wa kila siku muulize kwa adabu, "Mama, hizi zimetoka wapi leo?" Ukipata kipande cha ardhi au hata magunia mawili yenye udongo mzuri, panda chako.

Tena usiusome utafiti wa 1999 kama vile umefanyika jana. Kila kipimo kina tarehe na mahali pake. Tangu wakati huo jambo moja kubwa limebadilika: nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli yenye risasi, na kufikia mwanzoni mwa 2006 zilikuwa zimeacha. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani, Julai 2021. Bomba moja la risasi likafungwa, na halikufungwa kwa kumkamata mkulima wa mchicha. Nalisema hili kwa sababu kila maneno ya mboga za Msimbazi yakizuka, mtu wa kwanza kutishiwa jembe ni yule mama wa bustanini. Yeye anamwagilia kwa maji aliyoyakuta. Aliyeyachafua yuko juu ya mto, na huenda hajawahi kufika bondeni.

UNAWEZA KUANZA NA KALVATI MOJA

"Sisi hatuna maabara," mtasema. Tunalisikia sana hilo. Chukua daftari na kalamu. Chagua kalvati moja au kipande cha mtaro cha hatua kumi karibu na kwenu. Kila siku, saa ileile, kwa siku saba, simama pembeni (usitie mkono wala mguu) na andika: chupa ngapi, vifungashio vingapi, mabaki ya chakula yapo au hayapo, maji yanatembea au yamesimama, kuna viluwiluwi, jana mvua ilinyesha? Andika unachokiona, siyo unachokidhani. Wiki ya pili fanya vivyo hivyo sehemu mbili: moja kabla ya magenge ya chakula au gereji, nyingine baada yake, maji yanakoelekea. Tayari unafanya kilekile anachofanya mtafiti wa Msimbazi na chupa zake.

Usiwe na haraka ya kumtaja mwenye kosa. Ukikuta chupa thelathini mbele ya duka la vinywaji, usimkunje mwenye duka shati. Angalia kwanza maji yanatoka wapi. Pengine zote zimesafiri kutoka mitaa mitatu ya juu. Chora ramani. Uliza wazee mtaro ulikuwa unapita wapi zamani, kwa sababu kuna mitaro iliyojengewa juu na haionekani tena ila mvua ikinyesha. Na wale vijana wanaookota chupa na kuziuza kwa kilo, wasikilizeni: wanajua taka zinakusanyika wapi kuliko ofisi yoyote.

Mkiwa kundi ni rahisi zaidi. Klabu za Malihai zipo mashuleni tangu mwaka 1980. Roots & Shoots, ambayo sasa iko nchi nyingi duniani, ilianzia hapahapa Dar es Salaam mwaka 1991, wanafunzi 12 wa sekondari walipokwenda nyumbani kwa Jane Goodall kumweleza mambo ya mazingira yaliyokuwa yanawasumbua. Kwa anayetaka kulisomea somo hili mpaka chuo, shikilia kemia, baiolojia na jiografia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ardhi, Sokoine kule Morogoro, na Muhimbili kwa upande wa afya ya mazingira, wote wanafundisha.

Hesabu zenu zikikamilika zipelekeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa afisa afya wa kata, nakala mbili, na mbaki na ya kwenu. Mwende wawili watatu, mvae vizuri, mumwonyeshe ramani kabla ya kuanza kulalamika. Mtu anaweza kubishana na kelele, lakini chupa 212 kwa siku saba kwenye kalvati moja anazibishiaje? Nasi tungependa kuona: tuandikie jina la mtaa, tarehe ulizohesabu na ulichokikuta. Andika kwa herufi zinazosomeka, tafadhali, mhariri wetu ameanza kuvaa miwani.